Shule shikizi yetu irudishwe shule mama au iachwe? Tujadili wana Tabora

Mwana Miombo:
Mwangaluka wadau. Jumamosi tumekaa mkutano wa kijiji mpaka giza likaingia na hatujaelewana, ndo maana naleta huku. Kitongoji chetu kina shule shikizi, yaani tawi dogo lililo chini ya shule kamili tunayoiita shule mama, awali mpaka darasa la nne, watoto 140, walimu wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa kujitolea tunamchangia mahindi na elfu mbili mbili. Sasa upimaji wa darasa la nne umekuwa mbaya miaka miwili mfululizo, kwa hiyo linasemwa shikizi ifungwe watoto wote waende shule mama. Shule mama iko kilomita 9, njia ya pori, na kuna mto masika ukijaa mtu mzima anavuka kwa kushika kamba. Mimi nasema kosa si la shule. Ruzuku ya mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, 4,000 inabaki huko juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inashuka shuleni. Piga mara 140 unapata 840,000, yaani 70,000 kwa mwezi, hapo chaki, karatasi za mitihani, kufuli, kila kitu. Na hata hiyo inapitia akaunti ya shule mama maana sisi hatuna usajili. Nyie mnaonaje?

Mpiga Hesabu:
Kaka pole, ila mimi nasema ifungwe. Walimu wawili madarasa matano, hapo hata ashuke malaika hafundishi. Kiwango ni mwalimu mmoja watoto 45, mkiunganisha angalau mtoto anapata mwalimu wa hisabati aliyetulia siyo wa kukimbia chumba hadi chumba. Kutembea nimetembea na mimi na nimesoma. Halafu tuseme ukweli, huko hata mjenge nini mwalimu hakai, hasa akina dada, wakipangiwa shikizi mwaka haujaisha barua ya kuomba uhamisho kumfuata mwenza ishafika halmashauri.

Mama Ticha:
Nilikuwa napita tu ila hiyo ya mwisho imenichoma. Nimefundisha shikizi miaka sita. Nilipofika nilipewa stoo nyuma ya duka, dirisha limezibwa na gunia la mbolea, popo darini, nikikaa usiku kusahihisha madaftari vinyesi vinadondokea kwenye kazi za watoto mpaka nikawa nasahihisha chini ya mwamvuli. Kliniki kilomita 14 kwa bodaboda. Mtoto wangu wa pili nimejifungulia njiani chini ya mti, mama mmoja wa kitongoji akavua kanga yake akamfunga nayo. Barua ya kumfuata mume nimeiandika mwaka wa sita, siyo wa kwanza. Kabla yangu walipita wanaume watatu, mmoja alikaa wiki mbili godoro hakulifungua kamba. Mbona hao hamuwasemi?

Mpiga Hesabu:
Dada yangu pole sana kwa yaliyokupata, sijamtukana mtu, nimesema kinachoonekana kwenye makaratasi ya uhamisho.

Mama Ticha:
Makaratasi hayana popo kaka.

Baba Watano:
Mwalimu usijibizane nae, wewe ni shujaa. Ila kuna kitu nauliza, si serikali ilianza kuwalipa walimu wa huko posho ya mazingira magumu, laki mbili sijui na nusu kwa mwezi? Sasa kama pesa ipo kwa nini wanakimbia?

Mstaafu wa Chaki:
Kijana unachanganya. Laki mbili ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, laki mbili na nusu ni mkuu wa sekondari na mratibu elimu wa kata, zilikuja 2016 pamoja na elimu bila malipo. Mwalimu wa kawaida aliyeko shikizi haimhusu, na shikizi haina hata mwalimu mkuu wake, ina msimamizi tu anayepanda pikipiki kwenda shule mama kupeleka mahudhurio kwa mafuta ya mfukoni mwake.

Mha wa Kasulu:
Huku Kigoma hadithi ni hiyo hiyo ila nyie Tabora mna la ziada, tumbaku. Msimu wa kuchuma darasa linabaki nusu, watoto wako kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, wanafunga majani kwenye vijiti. Matokeo yatatoka wapi?

Mzee wa Bani:
Hapo umenigusa mimi. Nalima tumbaku huu mwaka wa ishirini na tatu na watoto wangu wote wamemaliza la saba, wawili wako chuo. Huyo mwalimu wa kujitolea anayesemwa hapo juu analipwa na nini kama siyo tumbaku? Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, 2017 ukashushwa 3, mkulima tukashukuru, lakini na hiyo 3 bado inaingia halmashauri kila msimu. Niambieni imerudi kijijini ikiwa na sura gani. Dawati? Tundu la choo? Watoto wanaokaa chini ni wa wakulima hao hao.

Mha wa Kasulu:
Mzee wangu shikamoo. Sikusema wewe binafsi, ila mtoto wa miaka nane akikesha anachochea moto wa bani asubuhi anasinzia, hilo nimeliona kwa macho.

Mzee wa Bani:
Marahaba. Hao wapo, na wanaofanya hivyo tunawasema kwenye mkutano kwa majina. Usitujumlishe wote.

Mpiga Hesabu:
Turudi kwenye mada. Kama shida ni kilomita 9, dawa ni bweni shule mama. Nyerere alitoka Butiama 1934 akalala bweni Mwisenge, 1937 akaja hapa hapa Tabora kusoma. Bweni ndo lililomtoa.

Mama Ticha:
Nyerere alianza darasa la kwanza ana miaka 12! Hawa tunaowasemea wana sita, saba, wengine wa awali bado wanakojoa kitandani. Na 2023 wizara ilishakataza bweni kwa awali mpaka la nne. Shikizi yote iko humo humo awali mpaka la nne, sasa bweni la nani?

Mpiga Hesabu:
Hilo la katazo nakubali, limenipita. Lakini walimu wawili hawawezi, hilo sirudi nyuma.

Mama Ticha:
Wanaweza kwa kiasi. Mimi la kwanza na la pili niliwaweka chumba kimoja, hawa wanatazama ubao wa mbele, hawa ubao wa nyuma, wamepeana migongo. Nikiwapa la kwanza silabi waandike nageuka nawasomesha la pili. Jioni sauti imekauka kabisa. Lakini walisoma. Kilichonishinda siyo darasa, ni mahali pa kulala.

Baba Watano:
Kwa hiyo shida nyumba ya mwalimu tu?

Mstaafu wa Chaki:
Siyo tu, ila ndo ya kwanza. 2021 zile hela za Uviko, yaani za korona, zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 vikiwa vya shikizi, jambo zuri sana. Lakini chumba cha darasa bila chumba cha mwalimu saa nane mchana kinafungwa, mwalimu anarudi alikopanga, mvua ikinyesha kesho yake haji.

Mwana Miombo:
Nimesoma yote, mwalimu nimekusoma mara mbili. Kwetu ni hivyo hivyo, chumba cha darasa tulipata, kizuri, madirisha ya vioo. Mwalimu wa serikali kapanga kwenye senta, kilomita 6. Boma la nyumba ya mwalimu tulilianza wenyewe mwaka juzi kwa tofali za kuchoma, limefika linta likakwama, mvua mbili zimelipiga na ukuta wa jikoni umeanza kuliwa chini. Kwenye mkutano hakuna aliyelitaja, tulikuwa tunagombana ifungwe isifungwe.

Mzee wa Bani:
Vyumba vingapi?

Mwana Miombo:
Viwili na sebule.

Mzee wa Bani:
Mbao na bati mmepiga hesabu? Masoko ya tumbaku yakifunguliwa watu wana hela wiki tatu, baada ya hapo usimuulize mtu. Itisheni mkutano kabla.

Mpiga Hesabu:
Mkipaua nyumba mkampata na mwalimu wa tatu, mimi nitanyamaza.

Mama Ticha:
Na choo chake mchimbe kabisa, chenye mlango. Mimi miaka sita nilikuwa naazima cha mwenye duka.