Naomba ushauri: nimwazime dada kitabu hiki?

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Nimemaliza Breasts and Eggs, riwaya ya mwandishi wa Kijapani Mieko Kawakami, tafsiri ya Kiingereza ya 2020, na moyo wangu umegawanyika.

Sehemu ya kwanza imenigusa mno. Makiko anatoka Osaka kwenda Tokyo, akili yote kwenye upasuaji wa kuongeza matiti. Binti yake Midoriko hamsemeshi, anamwandikia tu kwenye daftari. Walipoanza kujipasulia mayai kichwani, ute ukichuruzika usoni, nililia nao.

Sehemu ya pili imenielemea. Natsuko, mdogo wake Makiko, anataka mtoto kwa mbegu za kuchangiwa. Kisha Yuriko, ambaye mwenyewe alizaliwa kwa njia hiyo, anashikilia kuwa kumzaa mtu ni kumfanyia ukatili. Kurasa hizo nimezirudia mara mbili. Sikubaliani naye, ila jibu la kumpa sina.

Sasa dada yangu, anayetafuta mtoto mwaka wa nne huu, kaniomba kitabu. Mliokisoma, hasa mliopitia hali yake: maneno ya Yuriko yatamuumiza? Na je, nimpe sehemu ya kwanza pekee, au atakuwa amekosa kitu?

Natanguliza shukrani.