Binti yangu anajinyima kula, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, nina binti wa miaka 14 yuko fomu tuu hapa Dar, tangu mwezi wa pili kaanza kuruka chai ya asubuhi na usiku anasema ameshiba, kumbe mdogo wake ndo kaniambia shuleni wanamwita bonge na kwenye simu ya dada yake anaangalia video za kukata tumbo kwa ndimu na maji ya moto. Na shangazi zake nao wakija hapa salamu ya kwanza ni "umenenepa!", wao wanaona ni sifa, mtoto anainama tu.

Kinachoniuma, kavunja ungo mwaka jana, huu ndo umri wa kurefuka na damu inamtoka kila mwezi, anahitaji madini ya chuma, dagaa, maharage, matembele, yeye anaishia chungwa moja, wiki iliyopita kapata kizunguzungu paredi. Jumatatu nampeleka zahanati apimwe damu.

Ila maongezi naanzaje asione namsema mwili wake? Simu nimzuie au ndo atajificha zaidi? Na hao mawifi nawaambiaje jamani bila ugomvi? Mliopitia hili naombeni mnisaidie.