Ngozi ya sangara kwa PhD ya vifaatiba: mkataba na kiwanda uandikwe vipi?

MtuWaKirumba:
Wakuu, habari za majukumu. Kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza kimekubali kwa mdomo kufadhili PhD ya kutengeneza kifuniko cha vidonda kwa kolajeni (protini inayoishikilia ngozi) ya sangara. Watatoa malighafi bure na posho ya mwanafunzi kwa miaka 3. Chuo kitatoa msimamizi na maabara. Kiwanda kinataka hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) yote iwe yao. Je, mkataba uwe na vifungu gani? Ngozi zichukuliweje ili zifae? Mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) nayo tuyaweke kwenye andiko? Na huko nje kuna ufadhili wa namna hii unaompokea Mtanzania?

KemiaNyegezi:
Mabondo yafute, mkuu. Soko lake liko Hong Kong na China, na bei yake minofu haiifikii hata kwa ngazi. Hakuna meneja atakayekuachia uyaloweke kwenye asidi miaka mitatu. Andika ngozi na magamba.

Ngozi ipokelee inapotoka kwenye mashine ya kuchunia, ukiwa na ndoo ya barafu. Ukisubiri pipa la mabaki umeshachelewa: humo ngozi hukutana na matumbo, na vimeng'enya vya tumboni huanza kuila kolajeni kabla gari halijatoka getini. Kwangua nyama iliyobaki, kata vipande vya sentimita 1 hivi, funga mifuko ya gramu 500, kisha gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila mfuko uwe na tarehe, zamu, mwalo alikotoka samaki na ukubwa wake. Bila hivyo, matokeo yakitofautiana mwezi wa nane hutajua kama kosa ni la samaki au ni lako.

Uchenjuaji wenyewe hauna siri. Loweka ngozi kwenye sodiamu hidroksidi ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukali wa mchanganyiko), ngozi 1 kwa mchanganyiko 10, saa 24 au zaidi ukiubadilisha mchanganyiko, ili protini zisizo kolajeni zitoke. Osha mpaka pH irudi kwenye 7. Toa mafuta kwa butanoli ya 10%. Halafu asidi asetiki ya 0.5 M siku tatu, chuja, ikusanye kolajeni kwa chumvi, isafishe kwa dayalisisi (kuchuja chumvi na asidi kupitia utando), kausha kwa kugandisha. Yote kwenye nyuzi 4.

Hiyo nyuzi 4 ndiyo inayowashinda wengi. Umeme ukikatika usiku na friji ikapanda hadi joto la chumba la Mwanza, asubuhi chombo kinaonekana vilevile, lakini kolajeni inaweza kuwa imeanza kuharibika. Ukitia chumvi, kolajeni nzima hujikusanya nyuzi nyeupe kama pamba iliyolowa. Ukiona ute usioshikana, shuku. Usiamini macho peke yake, pima kwa elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme kulingana na ukubwa): kolajeni nzima inaonyesha mistari ya alfa na beta iliyokaa wazi, iliyokatika-katika inatoa kivuli kirefu.

Kuna jambo lazima liwe kwenye andiko, maana mtahini atalianzia hapo. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu ngozi ya sangara ulionyesha kolajeni yake hulegea, yaani hupoteza umbo lake, kwenye nyuzijoto 36 hivi. Mwili wa mtu una 37. Kifuniko ambacho nyuzinyuzi zake za kolajeni hazijafungwa pamoja kwa kemikali kitayeyuka juu ya kidonda. Kwa hiyo kazi halisi ya PhD yako ni huko kufunga nyuzi. Glutaraldehidi ni rahisi, ila mabaki yake ni sumu kwa seli. EDC pamoja na NHS, kemikali nyingine za kufungia, ni ghali ila huoshwa ikatoka. Kipimo cha ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu ya vifaatiba kwa seli, hakina huruma: seli hai zikishuka chini ya 70% ya zile za kulinganishia, sampuli inahesabiwa kuwa na dalili ya sumu.

DadaMkataba:
Nakazia hapo. Kiwanda kisiahidiwe bidhaa ndani ya miaka 3, kiahidiwe sampuli iliyopimwa. Bidhaa ina safari yake ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaatiba), na kabla ya kumgusa mgonjwa kuna kamati ya maadili ya CUHAS/BMC (chuo cha afya na hospitali ya Bugando) na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa).

Fedha: posho ipite akaunti ya chuo, ya mwaka mzima mbele. Samaki wakiadimika, kiwanda hupunguza zamu, na mwanafunzi ndiye wa kwanza kukatwa. Andikeni nani anamaliza kumlipa kiwanda kikijitoa.

Hataza: wape haki ya kwanza ya leseni, si umiliki wote, na tenganisheni kile ambacho kila upande ulikuja nacho. Kuchenjua kolajeni kwa asidi ni jambo la zamani, halisajiliki. Kinachoweza kusajilika ni njia yenu ya kufunga nyuzi. Ombeni hataza BRELA (wakala wa usajili nchini) au ARIPO (shirika la hakimiliki la kanda ya Afrika) kabla bango halijabandikwa kwenye kongamano. Ulaya ukishatangaza hadharani, upya unaotakiwa kwa hataza umekufa. Ukishawasilisha ombi la kwanza una miezi 12 ya kulipeleka nchi nyingine.

Uchapishaji: kiwanda kisome rasimu ndani ya siku 30, kizuie kisizidi 90. Tasnifu isizuiwe kabisa. Majina ya wanunuzi na tani za samaki ni siri yao, na tasnifu haizihitaji.

MsomiUghaibuni:
Kwa nje, tafuta kwenye EURAXESS (tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti) nafasi za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, za uzamivu wa viwandani. Uraia haujalishi, unaajiriwa kwa mkataba, na angalau nusu ya muda unakaa nje ya chuo. Sharti linalowaangusha watu ni la makazi: usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyotangulia. Uingereza, mfumo wa CASE wa EPSRC (shirika la serikali linalofadhili utafiti wa uhandisi na sayansi) ulikuwa ukiitaka kampuni iongeze angalau theluthi juu ya fedha za serikali na mwanafunzi akae kwao miezi 3 au zaidi, lakini nafasi za wageni zilikuwa chache. Ukipeleka ngozi huko, makubaliano ya kuhamisha sampuli yasainiwe kabla ya tiketi.

MtuWaKirumba:
Shukrani sana. Gharama ya barafu na usafiri wa sampuli kawaida inakaa upande wa nani?

DadaMkataba:
Kiwanda, barafu wanayo. Ila jenereta ya friji ya chuo iandike kwenye bajeti ya chuo, tena mstari wa kwanza.