Tupeane uzoefu: walevi kwenye viwanja vya besiboli, wewe ulifanyaje?

Mwana wa Muheza (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Tuliowahi kwenda kuangalia besiboli huku Marekani na kwingineko, naomba tupeane uzoefu, maana tangu Jumamosi nina hasira ambayo haijaisha.

Nilimpeleka kijana wangu wa miaka tisa, mechi yake ya kwanza. Timu na uwanja sitaji. Alikuja na glavu yake ya ngozi akitarajia kudaka mpira utakaorukia majukwaani. Nyuma yetu walikaa wanaume watatu. Mpaka awamu ya tatu (mechi ya besiboli huwa na awamu tisa) walikuwa watu wazuri tu, wakimfundisha mtoto majina ya wachezaji. Awamu ya tano wakaanza kumtukania mama mchezaji aliyesimama upande wetu. Awamu ya sita mmoja akanyanyuka kushangilia, glasi ikamponyoka, bia yote ikamwagikia mtoto shingoni na ndani ya glavu. Nilipogeuka akaniambia nikae chini. Mwanangu akanishika mkono: "Baba, twende." Tukaondoka. Njia nzima gari linanuka pombe, na mtoto ameikumbatia glavu yake hasemi neno.

Ningefanya nini? Wenzangu mlifanyaje?

Kamau wa Ngazini

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa kijana. Mimi niliuza bia misimu mitatu, ile ya kupanda na kushuka ngazi na trei kifuani, kwa hiyo acha nikueleze tunavyoona sisi.

Mlevi humjui kwa kelele. Uwanjani kila mtu anapiga kelele. Mtazame mikono: anashika kiti cha mbele ndipo asimame, unamwomba kitambulisho anakupa kadi ya benki, anahesabu noti mbili mara tatu. Nikiona hivyo nilikuwa namuuliza, "Leo nani anarusha?" Akibaki ananikodolea macho, simuuzii. Kwetu sheria ilikuwa bia mbili kwa mtu kwa mara moja. Shida ni kwamba wauzaji tuko wengi. Nikimnyima mimi, anapanda hadi kwenye kibanda anapata. Halafu tulilipwa kwa kamisheni, kumnyima mteja ni kujinyima mwenyewe. Kuna siku niliuza pale nisipopaswa kuuza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Desturi ya miaka mingi ni kufunga bia baada ya awamu ya saba, ili watu pombe iwapungue kabla ya kushika usukani. Mwaka 2023 ilipoletwa saa ya kumhesabia sekunde mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, mechi zilifupika kwa wastani wa zaidi ya dakika 20, na baadhi ya klabu, Milwaukee Brewers wakiwemo, zikasogeza mauzo hadi awamu ya nane. Matt Strahm, wakati huo mrushaji wa Philadelphia Phillies, alisema wazi kwamba kama mechi imefupika basi bia ifungwe mapema zaidi. Niko naye kabisa. Watu wanakunywa kilekile kwa muda mfupi zaidi, kisha wanaelekea kwenye maegesho.

Siku nyingine tafuta namba ya ujumbe mfupi ya kuripoti fujo, viwanja vingi huionyesha kwenye ubao mkubwa. Andika jukwaa, safu na kiti. Usigeuke kubishana naye. Wahudumu watakuja kama wanapita tu, hakuna atakayejua ni wewe.

Mama Nasra

Hiyo namba inafanya kazi, nimeitumia mwenyewe hapa Toronto. Nilituma awamu ya nne, wakamtoa kijana mmoja tu, wenzake wakatulia hadi mwisho. Miaka ya nyuma kosa langu lilikuwa kusubiri nikidhani atachoka, atalala. Hawalali.

Babu Juma, Ohio

Wanangu, kiwandani nilifanya kazi na mzee mmoja aliyekuwepo Cleveland usiku wa Juni 4, 1974. Klabu ilitangaza bia kwa senti kumi, ikaruhusu mtu achukue glasi sita kwa mara moja. Watu zaidi ya 25,000 wakaja. Wiki moja kabla, timu ya Cleveland ilikuwa imepigana kule Texas na Texas Rangers, hao hao waliokuja kucheza usiku huo, kwa hiyo watu walikuja na kisasi, kisha wakawekewa pombe ya bei ya bure.

Usiku kucha watu walikuwa wakivamia uwanja, wengine uchi. Awamu ya tisa, matokeo 5-5, shabiki akamwendea Jeff Burroughs wa Rangers kumpokonya kofia. Kocha Billy Martin akawaongoza wachezaji wake kumwokoa, magongo ya kupigia mpira mkononi. Mamia wakashuka, wengine na visu na minyororo. Wachezaji wa Cleveland wenyewe wakachukua magongo wakaenda kuwalinda wapinzani wao dhidi ya mashabiki wao. Mwamuzi Nestor Chylak akapigwa kichwani, akavunja mechi, Rangers wakapewa ushindi wa 9-0. Hata besi, zile alama za uwanjani ambazo wachezaji huzikimbilia, ziling'olewa zikaibwa.

Yule mzee alikuwa kijana wa miaka 19 wakati huo. Aliniambia alishuka uwanjani akikimbia na wenzake bila kujua wanakwenda kufanya nini, akasimama pale alipomwona mchezaji wa timu yake mwenyewe amemnyanyulia gongo. Alipanda tena jukwaani akaketi mpaka taa zikazimwa. Tangu siku hiyo hakurudi uwanjani na hakupenda kuizungumzia. Nami aliniambia mara moja tu, tukiwa tunasubiri basi.

Mwana Bukavu

Mimi yangu ni ya rangi. Miaka sita nyuma, uwanjani huku ninakoishi, mlevi mmoja aliniuliza kwa nguvu nimefuata nini kwenye mchezo wa Wamarekani, akatoa na yale maneno tunayoyajua. Nilikuwa na mke wangu, mimba ya miezi saba. Nilinyamaza. Kilichonisaidia ni bibi wa Kizungu, mzee sana, aliyekuwa anaandika matokeo kwa penseli kwenye kidaftari chake. Alikifunga, akasimama kwa fimbo yake, akaenda mwenyewe kumwita mlinzi. Jamaa akatolewa.

Nilikumbuka habari ya Adam Jones, mchezaji wa Baltimore Orioles, pale uwanja wa Fenway Park, Boston, Mei 2017: walimtukana kwa rangi yake, wakamrushia mfuko wa karanga. Kesho yake alipokuja kupiga, uwanja ulisimama ukampigia makofi. Mimi sikuhitaji uwanja mzima, yule bibi alinitosha.

Zuwena wa Tokyo

Nilipokuwa nasoma Japani nilizoea kwenda uwanja wa Meiji Jingu. Wanakunywa kweli: wasichana wanapanda ngazi na pipa la bia mgongoni, wanakujazia glasi hapo ulipo. Lakini kuna viongozi wa ushangiliaji wenye ngoma na tarumbeta, kila mchezaji ana wimbo wake, na watu wanaimba pale timu yao inapopiga. Mashabiki wa timu ya Yakult Swallows wanachezesha miavuli midogo. Niliwahi kukaa karibu na baba aliyelewa chakari. Alikosea maneno ya wimbo, jirani akamshika bega akamwimbia sikioni mpaka akapatia. Mechi ilipokwisha alibeba mfuko wake wa taka, akitembea upande upande.

Mwana wa Muheza (mleta mada)

Ahsanteni sana, wote nimewasoma. Kamau, nimeshaihifadhi namba kwenye simu. Nimeulizia pia, nikaambiwa kuna majukwaa yasiyoruhusu pombe kabisa, nimekata tiketi mbili za mchana Jumapili ijayo. Kijana hakutaka kwenda mwanzoni. Nilimsomea habari ya yule bibi wa penseli, akauliza matokeo yanaandikwaje. Sasa anataka kidaftari.

Glavu imekauka, ila ngozi imekakamaa na harufu haijatoka. Mwenye kujua mafuta ya kuilainishia aniambie kabla ya Jumapili.