Mnapokea kiingilio cha mwanachama mpya halafu mnamwacha mlangoni: karakana za kujitolea, hili halikubaliki

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite. Karakana yenyewe sitaitaja, wala mtu yeyote, kwa sababu pale kuna vijana wanaofanya kazi kwa moyo na sitaki wachafuliwe. Wahusika wakisoma watajijua.

Mimi ni fundi umeme, nimepita chuo cha ufundi cha VETA, na siku hizi kazi yangu kubwa ni mashine za kutotoleshea vifaranga. Wafugaji wananiletea kutoka Chanika, Kibaha, hadi Mkuranga. Ugonjwa wa hizi mashine za bei nafuu mara nyingi si umeme. Ni giya ndogo ya plastiki kwenye mota inayogeuza trei za mayai. Meno yanakatika, trei zinasimama. Yai la kuku linakaa humo siku 21, na mpaka kama siku ya 18 lazima ligeuzwe mara kadhaa kwa siku, la sivyo kinachokua ndani kinagandia kwenye ngozi ya gamba na kufa. Giya hiyo Kariakoo sijaipata ikiuzwa peke yake. Unaambiwa ununue mota nzima, na mota ukiipata haiingii kwenye mashine yako. Kwa kipande cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, mama aliyekopa apate mtaji wa kuku anapoteza mayai yote.

Printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa plastiki tabaka juu ya tabaka, inamaliza shida hii. Unapima giya iliyovunjika, unaichora kwenye kompyuta, unaichapa. Hata plastiki ya PLA, ile ya kawaida kabisa, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 60, na ndani ya mashine ya vifaranga joto ni 37 na nusu hivi. Ndiyo maana niliposikia hapa Dar kuna karakana ya pamoja, ya wanachama, inayoendeshwa kwa kujitolea, yenye printa za 3D, leza ya kukatia mbao na akriliki, mashine ya kukereza na meza za kulehemu, sikujiuliza mara mbili. Tangazo lao lilisema wote mnakaribishwa, ujuzi si lazima, mtafundishwa.

Nikalipa kiingilio na ada ya miezi mitatu, maana mwezi mmoja hawapokei. Pesa ilikwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Risiti nilipoiomba nikajibiwa meseji ya muamala inatosha. Kisha nikaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, na tangu hapo hakuna aliyeniambia kitu kingine chochote. Siku zipi pako wazi? Nani anafungua? Mafunzo ya mashine ni lini? Spuli za plastiki ya kuchapia nanunua mwenyewe au zipo? Niliuliza kwa adabu, asubuhi, muda ambao watu wako kwenye simu. Wakasoma wote. Baada ya saa kadhaa mmoja akaandika "cheki maelezo ya kundi". Nikacheki. Kuna kiungo cha waraka ambao haufunguki. Nikasema haufunguki. Kimya. Jioni hiyo hiyo kundi lilichangamka kwa mabishano ya Simba na Yanga mpaka usiku.

Mimi natoka Mbagala. Nilipanga siku, nikafika, kufuli. Nikauliza kundini kama kuna mtu njiani, nikaambiwa "leo sidhani". Safari iliyofuata nilimkuta mwanachama wa zamani ndani, yuko peke yake na kazi zake. Alinifungulia, akaniuliza "wewe nani?", nikajieleza, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Hakuna aliyenionyesha choo kiko wapi, swichi kuu ya umeme iko wapi, kizima moto kiko wapi, wala mashine ipi ni mbovu isiguswe. Mtu amelipa, ameingia kwenye chumba chenye mashine zinazoweza kumkata vidole, na hakuna hata mmoja anayeona ana wajibu wa kumwonyesha swichi ya kuzimia.

Nisieleweke vibaya kuhusu mafunzo. Nayaunga mkono kwa nguvu zote. Mtu asiyejua akiweka kipande cha PVC, ile plastiki ya mabomba, kwenye leza, inatoka gesi ya kloridi ya hidrojeni. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi, inaunguza mapafu ya kila aliyemo na inakula vyuma na vioo vya mashine yenyewe. Kwenye mashine ya kukereza huvai glavu wala shati la mikono inayopepea, kwa sababu ikikamata kitambaa inaondoka na mkono. Sasa kama mnasema hakuna kugusa mashine bila mafunzo, na mmekwisha kupokea ada ya mtu, basi mafunzo ni deni. Mimi niliambiwa nisubiri "tufike watu watano". Tukafika watano. Tukaambiwa mkufunzi amesafiri. Akarudi, tukaambiwa ana kazi za ofisini, tuvute subira. Miezi niliyolipia ikawa inateketea huku nikivuta subira.

Na wakati huo huo, kwa macho yangu, nilimwona mwanachama wa zamani amekuja na rafiki yake ambaye si mwanachama, hajapata mafunzo, wanakata soli za kandambili kwenye leza wakicheka. Nikauliza hiyo mipira imetengenezwa na nini. Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, wao wanajua. Kwa hiyo sheria ya usalama ni ya kumzuia mgeni peke yake? Huyo aliyekuja mkono mtupu ana haki gani kuliko mimi niliyelipa?

Jambo lililonifanya nifungue uzi huu ni feni.

Leza ya pale ina feni ya kuvutia moshi kuupeleka nje. Feni ilikuwa imekufa. Ilikuwa inavuma bila kuzunguka, ukiisukuma kwa kijiti inaanza pole pole. Fundi umeme yeyote hapa anajua hiyo ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Watu walikuwa wanakata mbao na kufungua dirisha. Kundini walikuwa wanarudia kila mara kwamba pale hakuna bosi, ukiona kitu kimeharibika kirekebishe, anayefanya ndiye mwenye kauli. Vizuri. Nikazima umeme, nikafungua, nikapima, kapasita imekwisha kabisa. Nikanunua mpya kwa pesa yangu, nikafunga, feni ikazunguka, moshi ukatoka. Nikapiga picha nikaweka kundini ili wajue kilichofanyika.

Mvua ya maneno iliyonishukia sitaisahau. "Nani amekuruhusu?" "Mwanachama mpya hagusi miundombinu." "Tulikuwa na mpango wa kubadilisha feni yote." Mpango gani? Umeandikwa wapi? Mtu mpya angeujuaje? Na hakuna hata mmoja aliyesema feni sasa inafanya kazi. Siku iliyofuata walikuwa wanaitumia, na wanaitumia hadi leo. Kazi pekee niliyoonekana nafaa ni kufagia vumbi la mbao, na nililifagia bila kinyongo, kwa sababu mahali pa wote panasafishwa na wote. Ila ufagio nipewe, mashine ninyimwe, na feni niliyoitengeneza nitukaniwe? Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika mwenyewe nikanyang'anywa.

Kuna dada fundi cherehani tulijiunga kipindi kimoja. Alitaka kutumia leza kukatia nembo za vitambaa ili ashone sare za shule za kutosha kabla ya Januari. Siku zote akifika anaulizwa "umemsindikiza nani?" Na yeye kalipa kama mimi. Ameacha. Hajarudishiwa hata senti, na nadhani hawajajua kuwa ameacha.

Kila ukilalamika jibu ni moja: "Kaka, hapa hakuna anayelipwa, sisi wote tunajitolea." Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko kufuli. Kujitolea tunakujua. Mama yangu ni mtunza sanduku wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa miaka mingi na hajawahi kupata mshahara. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Siku ya kikao inajulikana, iwe mvua iwe jua. Mwanachama mpya anasomewa katiba kabla hajaweka hisa yake ya kwanza, anaonyeshwa daftari, anaambiwa faini za kuchelewa. Wale mama wanauza vitumbua na mkaa, hawana waraka mtandaoni, na hakuna mgeni anayeingia kwao asijue kesho anatakiwa kufanya nini. Hawa wetu wenye kompyuta mapajani wameshindwa kuandika kwenye karatasi nani ana ufunguo Jumamosi.

Wala wasiseme ndivyo karakana za namna hii zilivyo duniani. Nimesoma, kwa sababu nilitaka kujua kama mimi ndiye mwenye matarajio makubwa. Mtandao wa karakana za Fab Lab ulioanzia chuo cha MIT cha Marekani, ambao hata Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana yake, una mkataba mfupi unaosema mtumiaji ana wajibu wa usalama, wa kusafisha na kutunza vifaa, na wa kuchangia maarifa, yaani kuandika na kufundisha wengine. Kufundisha ni wajibu wa mwanachama, si hisani yake akipata nafasi. Mwaka 2007 Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walikusanya mambo yanayosaidia karakana za kujitolea zisife, na moja kati ya hayo ni kuwa na siku moja ya kila wiki isiyobadilika ya kukutana. Walipendekeza Jumanne. Ile ya San Francisco inayoitwa Noisebridge nayo imejulikana kwa kikao chake cha Jumanne. Hawa nao hawalipwi. Siku moja tu inayojulikana inamtosha mgeni apande daladala bila kubahatisha.

Na mwaka 2013 kule Lomé, Togo, Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D kwa vipande vya kompyuta na skana zilizotupwa. Vifaa hivyo Dar vimejaa. Vijana wenye mikono mizuri wamejaa pia, wako mitaa ya Gerezani na Tandika, wanarekebisha vitu ambavyo hata aliyevitengeneza asingevigusa. Wakija kwenye karakana hizi wanakuta kundi la marafiki wanaojuana tangu chuo, wanazungumza nusu Kiingereza, na kila taarifa muhimu iko kwenye kichwa cha mtu mmoja ambaye leo hapokei simu. Halafu kwenye maandishi ya kuomba ufadhili wanahesabiwa kama "wanajamii waliofikiwa". Mimi sikufikiwa. Mimi nililipa.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Anayelipa apewe risiti, na pesa iingie kwenye akaunti ya kikundi. Tarehe ya mafunzo itajwe kabla pesa haijapokelewa, na kama mkufunzi ni mmoja tu, basi msipokee watu wapya mpaka wakufunzi wawe watatu. Orodha ya wenye zamu ibandikwe mlangoni. Mgeni akifika mara ya kwanza, mtu mmoja aache kazi yake kwa nusu saa amzungushe. Miezi ambayo mtu amezuiwa kutumia mashine isihesabiwe kwenye ada yake. Na yule dada arudishiwe pesa zake zote, tena leo.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Mkuu uliyesema "wewe unataka kutafuniwa", soma tena sehemu ya feni. Sikusubiri kutafuniwa chochote. Na uliyesema nianzishe karakana yangu: printa ya kuanzia nitainunua, nimeshaanza kuweka akiba, lakini hilo halifuti pesa yangu iliyo kwenye simu ya mtu. Aliyeuliza kama nimeongea nao ana kwa ana kabla ya kuja hapa, ndiyo, nimeongea na viongozi wawili. Mmoja aliniahidi atalifikisha kwenye kikao. Nilimuuliza kikao ni lini, akasema hakijapangwa.

Kuna mfugaji wa Chanika mota ya mashine yake iko kwangu sasa hivi na mayai ameshayapanga kwenye trei, anageuza kwa mkono usiku na mchana. Mwenye printa ya 3D hapa Dar, au anayemjua fundi wa kuaminika anayechapa kwa malipo, aje inbox. Mchoro wa giya ninao tayari, vipimo vyote vipo, gharama nalipa mimi.