Tupeane uzoefu: faili za RAW zilizokataa kufunguka, na ulivyoziokoa

LenziYaUmoja

Wadau, habari za jioni. Wiki hii nimepigiwa simu na wapiga picha watatu wa hapa Nairobi, na shida yao ni moja. Picha zao za RAW, yaani faili ghafi za kamera kabla hazijageuzwa kuwa JPEG ya kawaida, zilionekana sawa kwenye kioo cha kamera, lakini zikifika kwenye kompyuta hazifunguki. Wa tatu alikuwa analia. Kazi ya harusi hairudiwi, kwa hiyo naomba kila aliyepitia haya aeleze lililompata na alivyolitatua, ili mwenzetu akilikuta usiku wa manane awe na pa kusoma.

Naanza na langu. Mwaka 2019 nilipata Sony A7 III ya mtumba. Kwenye kompyuta nilikuwa na Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ile uliyoinunua mara moja ikawa yako. Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa ruracio (sherehe ya mahari) kule Kiambu. Nikarudi Umoja saa mbili usiku, nikachomeka kadi, nikaona visanduku vya kijivu tu na ujumbe kwamba faili hazitambuliwi au zimeharibika. Mimi nililiona neno moja, "zimeharibika". Sikulala. Saa kumi alfajiri nilikuwa bado natunga maneno ya kumwambia baba mwenye shughuli.

Ningeusoma ule ujumbe polepole ningeona kuna "au" katikati. Neno hilo dogo ndilo linalobeba habari yote. Kamera ilitoka mwaka 2018, na sasisho la mwisho la Lightroom 6 lilitoka Desemba 2017. Programu haikuwahi kufundishwa kusoma ARW, yaani RAW za Sony, za kamera hiyo. Picha zangu zote zilikuwa nzima.

Dawa ilikuwa Adobe DNG Converter, ambayo ni ya bure. Inazigeuza faili kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe, na programu ya zamani inazisoma. Nawatahadharisha jambo moja lililonipotezea nusu saa: inataka uichagulie folda, si picha moja moja. Ukiingia ndani ya folda utaona patupu, udhani picha zimepotea. Simama nje ya folda, ichague hivyo hivyo. Na kama programu yako ni ya zamani sana, ingia kwenye mapendeleo ya hiyo Converter ushushe kiwango cha Camera Raw (kisomaji cha RAW cha Adobe) kilingane na unachotumia.

Haya, karibuni. Tajeni kamera, ujumbe mliouona, na mlichofanya.

JichoLaKasarani

Yangu inafanana na yako, ila ni Canon M50. Kamera hiyo ndiyo iliyoanza na CR3, aina mpya ya RAW za Canon, mwaka 2018, na programu yangu ilijua CR2 pekee. Rafiki akanishauri nibadilishe jina la mwisho, nifute 3 niweke 2. Nilibadilisha picha 400 kwa mkono. Hakuna hata moja iliyofunguka, maana jina ni kibandiko tu, ndani mpangilio ni mwingine kabisa. Nikasasisha programu, nikarudisha majina, kazi ikaendelea. Asiye na pesa ya kulipia programu kila mwezi ajaribu darktable au RawTherapee, programu za kuhariri RAW, zote ni za bure. Pakua toleo jipya, usichukue la kwenye flashi ya rafiki.

MamaStudioGithurai

Wanangu, mimi langu halikuwa la programu.

Nilipiga mahafali, wazazi wamependeza, jua zuri la saa nne. Nilipofungua, picha moja ilikuwa safi kuanzia juu hadi begani kwa kijana, pale joho linapokutana na shingo. Kutoka hapo kwenda chini yote ilikuwa waridi, kama mtu amemwaga juisi juu ya karatasi. Iliyofuata ilikuwa na mistari ya kijani, na nyingine ilikuwa nusu nzima, nusu kijivu kitupu.

Kijana wangu wa studio akataka tuingize kadi kwenye kamera tuipangilie upya (format). Nikamwambia weka chini hiyo kadi. Nikanakili picha ile ile mara ya pili. Safari hii waridi ilianzia kwenye mkanda. Mara ya tatu, ikaanzia kwenye paji la uso.

Hapo ndipo nilipopata jibu. Kama ubovu ungekuwa kwenye kadi, ungekaa mahali pamoja kila mara. Ukiona unahama, basi picha inaharibikia njiani: kadi rida (kifaa cha kusomea kadi), waya, ile tundu ya USB, au hata RAM ya kompyuta. Nikashuka barabara ya Luthuli mjini nikanunua kadi rida nyingine, nikanakili upya, na picha zote zikatoka safi. Ile ya zamani nilikuwa naitumia kila siku, na waya wake umelegea kwa kukunjwakunjwa mkobani.

Tangu siku hiyo sifuti kadi mpaka nimefungua picha kubwa kubwa, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Sitazami vipicha vidogo. Kile kipicha kidogo ni JPEG iliyofichwa ndani ya RAW, kinaweza kung'aa vizuri na RAW yenyewe imeshakufa.

NjiaYaNgong

Hilo la mwisho la Mama ni la kukaririwa. Na linaeleza kingine kinachowatisha wanaoanza: unafungua picha, inaonekana imechangamka, sekunde moja baadaye inafifia. Haijaharibika. Mwanzo unaonyeshwa ile JPEG ya kamera, kisha programu inatengeneza ya kwake kutoka kwenye RAW. Kwenye Lightroom badilisha wasifu wa rangi uchague ule wa kamera yako, utaikaribia ile uliyoiona kwenye kioo.

WinniePicha

Samahanini, mimi sina hadithi ya zamani, langu linaendelea sasa hivi na mikono inatetemeka.

Jumamosi nilipiga harusi Lang'ata, Nikon D750. Nilikuwa nahamisha picha kwenye kompyuta ya mezani, stima ikapotea. Iliporudi, picha 14 zinakataa kufunguka. Vipicha vidogo vinaonekana. Na kosa langu ni kwamba nilikata, sikunakili, kwa hiyo kwenye kadi hazipo tena. Bibi harusi ameshaniuliza mara mbili.

LenziYaUmoja

Dada Winnie, pole sana. Umefanya vizuri kuja kabla hujajaribu vitu vingi. Toa kadi kwenye kompyuta. Pembeni yake kuna kiswichi kidogo, kisukume upande wa kufunga ili isiandikike. Usipige nayo picha hata moja. Kisha tuambie ukubwa wa zile faili 14.

WinniePicha

Nimeifunga, iko kwenye bahasha. Picha nzima zina kama MB 28. Mbovu zinatofautiana: moja MB 3, nyingine 9, nyingine 17. Mbili zina ukubwa kamili lakini hazifunguki.

LenziYaUmoja

Basi yako ni ile sehemu ya baada ya "au", zimeharibika; programu haina kosa. Faili zilikatika katikati ya safari. DNG Converter haitakusaidia hapa, usipoteze muda nayo.

Lakini tumaini lipo, na ni kubwa. Kompyuta inapofuta kitu kwenye kadi huwa inafuta anwani, si nyumba. Picha inabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Pakua PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizofutwa, ni ya bure, na NEF (RAW za Nikon) inazifahamu. Ielekeze kwenye kadi, na picha zitakazopatikana zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo. Itazipa majina ya ajabu, usishtuke, tarehe na saa bado zimo ndani. Itachukua muda. Iache ifanye kazi.

FundiWaKadi

Wakati dada anasubiri, niseme la kadi bandia, kwa sababu hilo halina PhotoRec.

Nilinunua kadi ya GB 128 kwa bei iliyonifurahisha. Picha za asubuhi zilifunguka zote, za mchana hata moja. Majina yapo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Kadi ile kwa kweli ilikuwa ndogo sana, imedanganywa ijitaje kuwa kubwa. Ikishajaa inaendelea kuitikia "nimepokea" huku inatupa. Picha za mchana hazikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo hakuna cha kufufua. Nilirudisha pesa ya mteja yote.

Siku hizi kadi mpya haiingii kwenye kamera yangu kabla sijaipima. Kwenye Windows natumia H2testw, kwenye Mac na Linux kuna F3. Inaijaza kadi mpaka mwisho, kisha inasoma kila kitu ilichoandika. Kadi kubwa inaweza kula saa kadhaa. Naianzisha usiku, nalala.

JichoLaKasarani

Na mwenye kamera ya nafasi mbili za kadi, tafadhali weka kadi zote mbili na uamuru iandike kote kote. D750 ya Winnie inazo mbili. Siandiki kukulaumu, dada yangu, naandika kwa ajili ya Jumamosi ijayo.

WinniePicha

Nimerudi, ni siku ya pili.

PhotoRec imetoa 11, nzima kabisa, zimefunguka kwenye Lightroom kama hazijawahi kuguswa. Nilipiga kelele mpaka jirani akabisha mlango. Zimebaki tatu. Nimerudia PhotoRec kwa kadi rida nyingine kama alivyofanya Mama, ubovu uko pale pale. Mojawapo ni ya nyanya ya bibi harusi akimshika mkono kabla hajatoka nyumbani. Sina nyingine ya wakati ule.

NjiaYaNgong

Usikate tamaa kwa hizo tatu. Ile JPEG ya ndani kwenye D750 ni ya ukubwa kamili, si kipicha cha kuchungulia. Weka ExifTool, programu ya kusoma data iliyofichwa ndani ya picha, kisha andika hivi kwenye dirisha la amri la kompyuta, ukibadilisha jina la faili:

exiftool -b -JpgFromRaw picha.NEF > nyanya.jpg

Kama pale ilipokatika ni baada ya JPEG, utaipata yote. Hutaweza kuvuta mwanga na vivuli kama RAW, ila utakuwa na picha.

WinniePicha

Imetoka! Zote tatu. Ya nyanya ina pikseli 6016 kwa 4016. Dirisha nyuma yake limeungua kidogo na siwezi kulirudisha, lakini mshipa wa mkono wake unaonekana, na pete, na lile shuka la maua alilojifunga. Nimeichapisha A4 leo mchana mjini. Bibi harusi anakuja kuichukua kesho saa tano.

MamaStudioGithurai

Mwanangu, umenitoa machozi. Kadi usiifute bado.

WinniePicha

Iko kwenye bahasha, Mama. Kiswichi nimekifunga.