Naombeni ushauri: daftari la mwanangu limeanikwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa

MamaPendo_Umoja
Hamjambo wote. Binti yangu yuko Gredi ya 4, shule ya umma huku Eastlands. Hesabu anaiweza, ila Kiingereza kinamlemea. Mwalimu wake wa darasa ni mchapakazi, hilo silikatai. Shida ni kwamba kila jambo analipitisha kwenye kundi la wazazi: Dishi na County (ule mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni), vifaa vya mradi, na siku hizi picha za madaftari. Ijumaa alituma insha ya binti yangu, jina linasomeka juu, kalamu nyekundu kila mahali, na chini ameandika: "Wazazi wengine mmetuachia kazi yote." Kuna waliocheka kwa emoji. Jumatatu watoto wakawa wanamkariria sentensi aliyoikosea. Sasa kila asubuhi ananiambia tumbo linamuuma.

Nafanya kazi Industrial Area, natoka nyumbani kukiwa bado giza. Kwenda shuleni siku ya kazi ni kukatwa mshahara. Baba yake anataka nijibu hapo hapo kundini, wote wasome. Mimi nahofia mwalimu akikasirika, atakayeshinda naye kutwa ni mtoto. Nizungumze naye vipi?

BabaWawili
Pole sana mama. Hiyo si haki kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Mkumbushe hilo.

Mwl_Njiru
Ndugu, sheria ipo, lakini usimwanzishe mama wa watu na faini. Mimi ni mwalimu. Darasa langu lina watoto zaidi ya sabini, na wazazi wengi nawaona siku ya kufungua shule tu. Kundi ni rahisi, natuma mara moja kwa data zangu mwenyewe. Hata hivyo, kuanika daftari la mtoto ni kosa, na mwalimu mwenzangu anapaswa kuambiwa.

Mama Pendo, mwandikie kwa namba yake binafsi, si kundini. Usiku wa manane hapana. Jioni mapema ni sawa. Andika hivi: "Mwalimu, habari ya jioni. Ni mama Pendo wa Gredi ya 4. Naomba tusaidiane kuhusu kusoma kwake. Nafika nyumbani usiku, lakini nusu saa ya kusoma naye naipata. Nianzie wapi? Naomba pia tuzungumze kwa simu, kuna jambo linamsumbua." Mwalimu akiulizwa mtoto aanzie wapi, hata aliyekasirika hupoa. Habari ya picha mwambie kwa sauti. Maandishi huonekana makali kuliko ulivyokusudia.

Mwakilishi_G5
Naunga mkono mwalimu. Kwetu tulilipeleka suala kama hili kwenye chama cha wazazi, ambacho kimo kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kila darasa lina mwakilishi wake. Tukakubaliana: kundini ni matangazo tu, ya mtoto mmoja yaende kwa mzazi wake. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, tunawatumia SMS, maana kuna mashosho wanaolea wajukuu na WhatsApp hawana, na ndio waliokuwa wakiitwa wazembe. Dayari ya shule ya mtoto nayo isiachwe. Andika swali usiku, mtoto aibebe, jioni jibu liko ndani. Mtafute mwakilishi wenu, aiombe kanuni hiyo kwa niaba ya wazazi wote, jina lako lisitajwe.

MamaPendo_Umoja
Asanteni sana. Nimeuandika ule ujumbe. Amejibu nimpigie kesho saa kumi na nusu, msimamizi wangu amekubali nitoke kidogo. Na ile picha, nimwombe aifute?

Mwl_Njiru
Muda wa kufuta kwa wote ni kama siku mbili na nusu, umeshapita. Akiifuta sasa itaondoka kwenye simu yake tu. Mwombe asitume nyingine, na awakanye darasani wale wanaomkariria binti yako. Hilo la pili usikate simu kabla ya kulisema.